Je, mlezi wetu aitwe "mwekezaji mjanja"?

Swali limetoka kwa katibu wa kikundi cha akina mama wanaokamua na kuuza mawese huko Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Mgeni aliyewafundisha utunzaji wa hesabu aliwaachia barua ya shukrani iliyoandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na sentensi moja ya kumsifu mzee wa Ujiji ambaye ni mlezi wa kikundi. Katibu aliitafsiri kwa msaada wa kamusi, akaisoma mkutanoni hivi: "Mzee wetu ni mwekezaji mjanja, si mlanguzi, na riba yake katika kikundi imekua pamoja na hisa." Mzee alinyamaza, akavaa kofia yake, akaondoka kabla ya chai. Katibu ananiandikia: "Shikamoo Mwalimu. Kila neno nililitafuta kwenye kamusi na kila neno nililikuta. Nilikosea wapi, na sasa niandike nini?"

Marahaba, Katibu. Nimeisoma sentensi yako hapa Tabora mara kadhaa, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilicheka kabla ya kukuonea huruma, kwa sababu ni nadra kuona sentensi fupi namna hiyo ikimbebesha mtu mwema tuhuma tatu kwa mpigo, yaani ulaghai, ulanguzi na ulaji wa riba. Lile "si" uliloliweka mbele ya "mlanguzi" halikumwokoa, maana mtu anayetangaziwa hadharani kwamba yeye si mwizi huwa ameanza kutiliwa shaka palepale. Hata hivyo nakubali kwamba kila neno ulilolichagua limo kwenye kamusi. Kamusi ya lugha mbili hukupa neno lenye maana inayokaribiana na lile unalolitafuta, lakini haikwambii kama neno hilo, likitamkwa mbele ya watu, linamsifu au linamshutumu anayetajwa. Na katika maneno yanayohusu werevu na fedha, hiyo ndiyo nusu nzito ya maana.

Neno lililomwinua mzee kitini ni "shrewd", lile la barua ya mgeni ambalo wewe ulilitafsiri "mjanja". Siku hizi Mwingereza akimwita mfanyabiashara hivyo anamsifu: anataka kusema kwamba mtu huyo huiona thamani ya kitu pale ambapo wengine hawajaiona, hapumbazwi na maneno matamu, wala hakurupuki. Lakini heshima hiyo neno limeipata ukubwani. Wanaochunguza asili ya maneno hulihusisha na "shrew", jina la mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye sisi humwita kirukanjia. Watu wa Ulaya ya zamani waliamini kwamba kirukanjia ana sumu na kwamba huwadhuru wanyama wa kufugwa, na jina lake likatumiwa kuwaita watu waovu, kisha likabaki kwa mwanamke mwenye ulimi mkali. Katika karne ya 14, kumwita mtu "shrewd" kulikuwa ni kumwita mtu mbaya mwenye nia mbaya. Kufikia karne ya 16 neno lilikuwa limeanza kugeuka, ubaya ukawa hila, hila ikawa akili kali, na akili kali ikaishia kuwa sifa. Hili nalisema kwa pembeni tu, lakini linanishangaza: sisi nasi hatukumwacha kirukanjia salama, kwani kwa Kiswahili jina lake hutumika pia kumsimanga mwanamke mzururaji. Lugha mbili zisizojuana zimemtwika mnyama mmoja mzigo wa kuwasema wanawake.

Neno letu "mjanja" limeshika njia inayofanana na hiyo, ila bado liko katikati ya safari. Kwa vijana wa stendi ya mabasi hapa Tabora, mjanja ni mtu asiyeibiwa, anayejua mji unavyokwenda, na "kuwa mjanja" ni nasaha ambayo kaka humpa mdogo wake bila aibu yoyote. Mtu wa rika la mlezi wenu, aliyelelewa kwa ngano za sungura, anamfahamu mjanja mwingine kabisa, yule anayekula karanga za shamba la wenzake usiku halafu akamwacha fisi apigwe asubuhi. Hadithi hizo humchekesha mtoto, lakini hazimfundishi kumkabidhi sungura funguo za ghala. Kwa hiyo neno moja lililotamkwa na binti wa rika lako lilikuwa sifa mdomoni mwako, na lilipomfikia mzee likawa shutuma. Ukiniuliza ni lipi lingefaa, nitakwambia kwamba "mwerevu" ni salama zaidi, ingawa kwa sikio langu linanukia darasa kuliko soko. Kiswahili kinapomsifu mtu wa biashara mara nyingi hakitumii neno moja. Husema kwamba anaona mbali, kwamba ana jicho la biashara, kwamba ni mtu makini.

Utakutana na ndugu wengine wa "shrewd" katika barua za wageni, na ni vizuri usiwachukulie kuwa pacha. "Cunning" limetokana na mzizi wa kujua, uleule uliozaa kitenzi "can", na zamani lilimaanisha mtu mwenye elimu au ufundi. Waganga wa vijijini huko Uingereza waliitwa kwa neno hilo, kama ambavyo kwetu mtu akisema amekwenda kumwona mtaalamu si lazima awe amekwenda hospitali. Leo neno hilo limeporomoka, na kumwita mweka hazina wenu hivyo ni sawa na kuomba daftari lake likaguliwe kabla ya jioni. Sasa tazama "canny", neno lililokuzwa na Waskoti kutokana na mzizi huohuo wa kujua: lenyewe limepanda, na linamtaja mtu mwangalifu ambaye shilingi haitoki mkononi mwake kabla hajaiuliza inakwenda wapi. "Crafty" lilianza kwa maana ya nguvu na ufundi wa mikono, likaishia kwenye hila. "Astute" lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya hila, lakini Kiingereza kimelitakasa, na sasa hutumika kwa heshima kwa mawakili na mawaziri. "Savvy" liliokotwa bandarini kutoka kwa Kireno au Kihispania, katika neno lenye maana ya "anajua", na hadi leo linamtaja mtu ambaye ujuzi wake ameupata kwa kuishi na kuhangaika, wala si kwa kufundishwa.

Kuna moja ambalo ningependa ulishike kwa sababu litakufaa katika kazi ya kikundi, nalo ni "prudent". Limefupishwa kutoka katika neno la Kilatini lenye maana ya anayeona mbele, kwa hiyo usemi wetu wa "kuona mbali" unalifaa kama kofia na kichwa chake. Neno hili lina uzito wa kisheria. Mwaka 1830 mahakama ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliulizwa jinsi anavyopaswa kuenenda mtu aliyekabidhiwa fedha za wengine, nayo ikajibu kwamba azitunze kama watu wenye busara na akili wanavyotunza mali zao wenyewe, wakiangalia jinsi ya kuziweka mahali pa kudumu badala ya kuzichezea kwa kubahatisha. Kipimo hicho bado kinatajwa na wanasheria karibu miaka 200 baadaye. Mgeni wenu akiandika kwamba mweka hazina awe "prudent", hasemi kwamba awe bahili wala awe mwoga. Anazungumzia busara ya mtu aliyeshika mali isiyo yake.

Uniruhusu nikusimulie kosa langu mwenyewe, ili usidhani kwamba aibu ya mkutanoni ni yako peke yako. Nilipokuwa kijana nilipewa kazi ya kumtafsiria mgeni katika mkutano wa wakulima wa tumbaku, si mbali na mji huu. Mgeni alitumia maneno "calculated risk", akiwahimiza wakulima wajaribu aina mpya ya mbegu baada ya kupima faida na hasara. Mimi, kwa haraka na kwa kujiamini kwa ujana, nikasema kwamba anawaletea "hatari iliyopangwa". Baraza zima likageuka kunitazama, na mzee mmoja akauliza kwa upole ni nani aliyeipanga. Ilinichukua nusu saa kueleza kwamba mgeni alikusudia kujitosa baada ya kupiga hesabu. Neno hilo nalo ni kigeugeu: jambo likiwa "calculated" ni jema, lakini mtu akiwa "calculating" ni mchoyo wa utu, anayewapima wenzake kwa faida atakayoipata kwao. Sisi tunao mgawanyiko kama huo, kwa maana "kupiga hesabu" ni sifa, ilhali "mtu wa mahesabu" huwa ni neno la kunong'ona. Asili yake ni jina la Kilatini la kijiwe, kwa kuwa Warumi walihesabu kwa vijiwe, na sijui ni kwa bahati gani sisi nasi mahali pa kunywa kahawa na kupiga hesabu za watu tumepaita kijiwe.

Sasa nirudi kwenye "mwekezaji", ambapo hukukosea hata kidogo, lakini historia ya neno lenyewe itakusaidia kuelewa kwa nini linapingana na lile la mlanguzi. Kitenzi "invest" ni cha mavazi. Kilatini chake kilimaanisha kumvika mtu nguo, na Kiingereza bado kinakitumia kwa kumvika askofu au hakimu mamlaka yake, kama vile hapa Unyanyembe mtemi alipotawazwa alivishwa alama za utawala mbele ya watu. Wafanyabiashara wa Italia ndio walioanza kukitumia kwa fedha, wakiwaza kwamba fedha iliyonunua bidhaa imevua umbo lake la zamani na kuvaa jipya, na Waingereza wa biashara ya Mashariki wakalichukua wazo hilo mwanzoni mwa karne ya 17. Nikiwa mtu wa Tabora siwezi kulipita hili kimya kimya, kwa sababu katika misafara ya karne ya 19 iliyopita hapa kwenda Ujiji kwenu, nguo ilikuwa ndiyo fedha yenyewe. Mtaji wa msafara ulihesabiwa kwa doti za merikani na kaniki, ukabebwa mabegani na wapagazi wa Kinyamwezi, ukavuliwa kidogo kidogo njiani kwa chakula na hongo, ukafika ziwani na kuvaa umbo la pembe za ndovu. Hao hawakuhitaji kufundishwa Kilatini ili waelewe kwamba mtaji ni kitu kinachobadili nguo.

Kiswahili kilichagua picha nyingine. "Kuwekeza" kumetokana na kuweka, yaani kukiacha kitu mahali kwa kusudi fulani, na kabla neno hilo halijatawala, magazeti na hotuba zetu zilizoea kusema "kitega uchumi". Nalipenda neno hilo la zamani na nasikitika kwamba linafifia. Warina asali wa misitu ya miombo hutundika mzinga wa gome juu ya mti, kisha huondoka na kuwaachia nyuki waamue. Hawawezi kuwaamuru waingie, ila wanajua mti gani unapendwa, msimu gani maua yanachanua, na mzinga upi umejaa siafu. Hiyo ni maana ya kutega kama inavyoeleweka huku kwetu, na ndani yake mna kazi, ujuzi na subira. Mlezi wenu, kama ulivyonieleza, aliwashauri mnunue mashine ya kukamulia badala ya kugawana faida ya mwaka wa kwanza. Huyo ametega mzinga.

Kinyume chake ndicho mgeni alichokitaja kwa "speculator". Mzizi wake ni mnara wa ulinzi wa Warumi, mahali pa juu ambapo mlinzi hukaa na kutazama nani anakuja. Nasi tunao mnara huo: ni ulingo, yale majukwaa ya miti ambayo watoto wetu hukaa kuwafukuza ndege mashamba ya mpunga yanapokaribia kuvunwa. Kwa hiyo mtu wa aina hii, kwa asili, ni aliyepanda ulingoni kutazama bei zinavyokuja. Maana ya kibiashara iliingia katika karne ya 18, na mwaka 1776 Adam Smith, mwanauchumi wa Kiskoti, alimweleza mfanyabiashara huyo kuwa ni mtu asiye na biashara moja inayojulikana: mwaka huu anauza nafaka, mwaka ujao mvinyo, mwaka wa tatu sukari, au tumbaku, au chai, akiingia kila anapoona faida kubwa na kutoka inapopungua. Smith hakumlaani. Alisema tu kwamba anaweza kutajirika haraka kwa makisio mawili au matatu yaliyofanikiwa, na anaweza kufilisika kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1934 Wamarekani Benjamin Graham na David Dodd, walimu wa masuala ya uwekezaji, waliuweka mpaka wa maneno haya mawili kwa maelezo ambayo bado yanafundishwa: kuwekeza ni kule ambako, baada ya uchambuzi wa kina, kunaahidi usalama wa mtaji na faida ya kuridhisha, na lolote lisilotimiza hayo lihesabiwe kuwa ni kubahatisha. Angalia kwamba mpaka huo hauko kwenye kitu kinachonunuliwa. Madumu yaleyale ya mawese yanaweza kuwa uwekezaji kwa mtu aliyepima bei, gharama ya ghala na muda wa mafuta kuharibika, yakawa bahati nasibu kwa aliyesikia uvumi sokoni.

Kwa Kiingereza basi, neno hilo linaweza kutumika bila chuki, na hata nje ya fedha linamaanisha tu kukisia jambo bila ushahidi. "Mlanguzi" halina uhuru huo. Mwaka 1983 serikali ilipoendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, watu walikamatwa, maghala yakapekuliwa, na wapo waliotupa bidhaa zao usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Kila mtu aliyekuwa mzima wakati huo anakumbuka sukari na sabuni zilivyoadimika, na anakumbuka neno hilo lilivyotangazwa redioni. Mlanguzi ni mtu anayeficha bidhaa ili wenzake wateseke na yeye auze ghali. Ukimtamkia mzee wa Ujiji neno hilo, hata kwa kulikanusha, unamrudisha kwenye maghala ya 1983, na mgeni hakuwa na habari hiyo alipokuwa akiandika. Mbahatishaji, au kwa urefu "mtu wa kubahatisha", ndilo lililotakiwa.

Tufike kwenye "riba", ambayo nahisi ndiyo iliyouma zaidi, ingawa mzee hakusema. "Interest" ni neno la Kilatini lenye maana ya kuwa kati ya vitu, kuhusika, na Kiingereza kimelitandaza mpaka likawa na matawi manne hivi: hamu ya jambo, maslahi katika jambo, sehemu anayomiliki mtu katika biashara, na malipo ya mkopo. Tawi la mwisho lina historia ya kujificha. Kanisa la Ulaya ya zama za kati lilikataza kutoza mkopo nyongeza, ambayo iliitwa kwa neno la laana, "usury", lakini liliruhusu mkopeshaji afidiwe kwa hasara iliyompata kwa kucheleweshewa, na fidia hiyo ndiyo iliyopewa jina hili jingine. Polepole jina la fidia likaufunika mkopo wote, na mwaka 1545 sheria ya Mfalme Henry wa Nane ikaruhusu nyongeza hiyo kwa wazi, ilimradi isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Kiingereza kikabaki na maneno mawili, moja la benki na moja la dhambi. Kiswahili tunalo moja tu, tulilolichukua kwa Waarabu likiwa tayari limebeba hukumu ya dini, na ndilo tunaloliandika kwenye mabango ya mikopo. Kijana anapolisoma ukutani mwa benki huona asilimia. Mzee Mwislamu anapoambiwa mbele ya kikundi kwamba riba yake imekua, anasikia kwamba amewala wajane. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba hana hata hisa moja kwenu, wala hajawahi kuwakopesha. Basi matawi mawili ya mwisho yanaanguka, na hata maslahi hayana nafasi, kwa sababu hapati chochote. Lililobaki ni hamu, au kama tunavyosema vizuri zaidi, moyo. Mgeni alisema kwamba mzee ana moyo na kikundi.

Kuhusu "hisa" sitakawia, ila nina hadithi moja ambayo siwezi kuiacha. "Stock" ni gogo au shina la mti. Hazina ya Uingereza kwa karne nyingi iliandika madeni kwa kukata alama kwenye kijiti, kisha kukipasua kijiti hicho kwa urefu. Kipande kirefu, kilichoitwa kwa neno hili, alikaa nacho mwenye kudai, na kifupi kilibaki kwa mdaiwa, na siku ya kulipana vipande viliunganishwa kuona kama alama zinalingana. Mwenye gogo alikuwa mwenye dai, na kwa njia hiyo neno la kuni likawa neno la mali. Utaratibu huo ulikomeshwa mwaka 1826, na tarehe 16 Oktoba 1834 vijiti vya zamani vilipokuwa vikichomwa ndani ya majiko ya jengo la Bunge huko London, moto ukawashinda, ukateketeza sehemu kubwa ya jengo lenyewe. Deni huwa gumu kuzimika hata likiwa la kuni. Neno hilo leo linaweza kuwa hisa za kampuni, kama zile zilizoanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998. Linaweza kuwa mifugo, likiungwa na neno la uhai. Linaweza kuwa mchuzi wa mifupa. Na katika hesabu za Kiingereza cha Uingereza ni bidhaa zilizoko ghalani, zile ambazo wenye maduka wetu huziita stoki. Mgeni aliyewafundisha kuhesabu madumu kila Ijumaa alikuwa akizungumzia madumu.

Kabla sijakuandikia sentensi, nikuonye kuhusu neno moja lililo kwenye kichwa cha barua ileile, ambalo ulilitafsiri sawa bila kujua jinsi ulivyokuwa karibu na shimo. "Scheme" kwa Mwingereza ni mpango wowote uliopangwa vizuri, na ndivyo tulivyolirithi tunaposema skimu ya umwagiliaji ya Mwamapuli kule Igunga, au skimu ya pensheni. Kwa Mmarekani neno hilo lina kivuli cha njama, na zaidi likifuata jina la Charles Ponzi, ambaye mwaka 1920 huko Boston aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45 na kuwalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata. Kiswahili nacho kina mtego wake hapa, kwa kuwa sheria zetu huuita udanganyifu wa namna hiyo "upatu", jina lilelile la mchezo wa akina mama wanaopeana zamu kwa uaminifu, ambao haumwahidi mtu shilingi zaidi ya aliyoitoa. Ulipoandika "mpango wa akiba" uliwaepusha wenzako na maelezo marefu kwa afisa yeyote atakayeisoma barua hiyo.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Mzee wetu ni mwekezaji anayeona mbali, si mtu wa kubahatisha, na kadiri madumu yanavyoongezeka ghalani, ndivyo moyo wake kwa kikundi unavyozidi." Imekuwa ndefu kuliko ya Kiingereza, nayo isikutie wasiwasi. Usiisome tena mkutanoni kwanza. Nenda Ujiji nyumbani kwake pamoja na mwenyekiti, alasiri akishatoka kuswali, umpe barua ya mgeni mkononi pamoja na tafsiri hii, na umweleze habari za kirukanjia ukiona anaelekea kucheka. Mkipeleka na chai ile aliyoiacha, itakuwa vizuri zaidi.